Neno moja la Kiingereza lilivyomtia rafiki yangu mashakani

Hebu tuanze na jaribio dogo, mpenzi msomaji. Mwite mwanao aliye shule ya upili, umwambie akufasirie sentensi hii fupi ya Kiingereza: "He confronted the teacher." Usimsaidie. Mpe nafasi afikirie, kisha umsikilize.

Akikwambia kwamba mwanafunzi alimpiga mwalimu, usimcheke. Akikwambia kwamba alimtukana, usimgombeze. Na akikwambia kwamba alimwendea wakazungumza ana kwa ana, usiharakishe kumpa alama zote kumi, kwani bado kuna la kuongeza. Kitenzi hiki, "confront", ni miongoni mwa maneno ya Kiingereza tunayoyatumia kila siku huku tukiyaelewa nusunusu. Na ile nusu tusiyoielewa yaweza kumponza mtu.

Nayasema haya kwa sababu ilimponza rafiki yangu, na kalamu iliyoandika neno hilo ilikuwa yangu.

RIPOTI YA MISTARI MINNE

Mwaka wa 2004 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni huku Nyanza, na nilikuwa kiranja wa darasa. Rafiki yangu, ambaye jina lake silitaji, alitoka Awasi, kile kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kericho, ukishapita Ahero. Alilelewa na nyanya yake, ajuza aliyeuza miwa na mboga za kienyeji, na ambaye kila shilingi ya karo ilipitia kwanza kwenye pindo la leso yake.

Jumatatu moja asubuhi yalisomwa majina ya wanafunzi wenye deni la karo. Jina la rafiki yangu likawamo. Ilhali karo alikuwa amelipa, na risiti alikuwa nayo mfukoni. Wakati wa mapumziko akaenda hadi mlango wa chumba cha walimu, akabisha hodi, akamwonyesha mwalimu wa zamu ile risiti na kumuuliza ni kwa nini jina lake limesomwa.

Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake. Mwalimu alipaza sauti na kumwamuru aondoke. Rafiki yangu hakupaza yake, lakini pia hakuondoka. Alisimama pale pale, risiti mkononi, akarudia swali lake mara tatu.

Adhuhuri nikaitwa ofisini. Nikaambiwa niandike nilichokiona, kwa Kiingereza. Nilikuwa na kamusi ndogo ya mfukoni niliyoionea fahari kama saa ya mkononi. Neno "asked" nililiona la watoto wa darasa la nne. "Spoke to" nikaliona la darasa la tano. Nikachagua neno lenye uzito: rafiki yangu, nikaandika, "confronted the teacher on duty". Ripoti nzima ilikuwa mistari minne. Nikajiona nimeandika Kiingereza cha gazetini.

Kamati ya nidhamu ikaketi siku ya tatu. Ripoti ikasomwa kwa Kiingereza. Mmoja wao akaieleza kwa Kiswahili kwamba kijana "alimkabili mwalimu". Nyanya yake alipowasili kutoka Awasi, akiwa amevaa nguo zake za kanisani, mfanyakazi mmoja wa shule akamfasiria kwa Dholuo: "Nogoyo japuonj." Yaani, alimpiga mwalimu.

Tazama safari hiyo, msomaji. Kijana aliondoka darasani kwenda kuuliza swali. Kufikia Kiingereza changu alikuwa amesimama kishujaa. Kufikia Kiswahili cha kamati alikuwa amemkabili mkubwa wake. Kufikia Dholuo alikuwa amempiga mtu. Hakuna aliyesema uongo njiani. Kila mmoja alilipokea neno likiwa na joto kidogo, akalipasha zaidi, akampa mwenzake.

Nyanya hakuuliza hata swali moja. Aliomba radhi, akamchukua mjukuu wake, wakarudi nyumbani kwa majuma mawili. Majuma hayo yalikuwa ya mitihani ya muhula.

PAJI LA USO

Basi, neno hili lina maana gani hasa? Tulifungue kama mtu anavyofungua kifurushi.

"Confront" liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kililipata kutoka Kilatini. Ndani yake mna neno la Kilatini "frons", yaani paji la uso, na mwanzoni mna kiungo chenye maana ya "pamoja". Paji kwa paji, ndiyo maana ya asili. Hapo kale lilitumiwa hata kwa mashamba: shamba langu na lako yakipakana, husemwa kwamba yanatazamana. Mashamba mawili hayapigani. Yanashiriki mpaka tu.

Siku hizi neno hili lina matumizi manne makuu, na mwanafunzi anayetaka kuandika Kiingereza sawasawa hana budi kuyatenganisha.

Kwanza, ni mtu kumwendea mwenzake uso kwa uso juu ya jambo gumu ambalo wengine wangelinyamazia. Mke akigundua kwamba pesa za karo zimeishia kwenye kilabu cha pombe, akaketi na mumewe na kumuuliza waziwazi, kitenzi chake ni hiki. Hakuna ngumi hapo. Kuna ujasiri tu, na pengine machozi.

Pili, ni tatizo lenyewe kumjia mtu. Hapa anayetenda si mtu bali ni shida. Mkulima wa uwanda wa Kano anapoamka akakuta maji ya Mto Nyando yameingia mpungani, Kiingereza husema amekuwa "confronted by floods" au "confronted with floods". Viunganishi vyote viwili ni sawa.

Tatu, ni kumwekea mtu ushahidi mbele ya macho yake ili aujibu. Ukimwonyesha mpangaji mwenzako shati lako ulilolikuta kwenye kamba yake ya nguo, ume-"confront" mtu huyo "with" shati. Hapa "with" haiepukiki, na hufuatwa na ule ushahidi, si na mtu.

Nne, ni kusimama dhidi ya mtu kwa uadui, kama majeshi mawili yanavyosimama yakitazamana. Maana hii ipo, siikatai. Lakini hata hapa neno lenyewe linaishia kwenye kutazamana. Kama risasi zilifyatuliwa, mwandishi anapaswa kuongeza kitenzi kingine cha kusema hivyo.

Kosa la kawaida la watahiniwa wetu ni kuandika "confront with my neighbour" wakimaanisha kumwendea jirani. Chanzo chake ni Kiswahili, kwa kuwa sisi husema "kukabiliana na". Kiingereza hakihitaji kiunganishi hapo. Mtu hufuata kitenzi moja kwa moja.

NDUGU ZAKE NA TABIA ZAO

Kitenzi hiki kina ndugu kadhaa, na kama ndugu wa tumbo moja, wanafanana sura wakitofautiana tabia. Mzazi anayemsaidia mtoto na insha ya Kiingereza afadhali awajue.

"Oppose" ni kupinga. Asili yake ya Kilatini ni kuweka kitu mbele ya kingine. Unaweza kupinga hoja ya mtu ukiwa umeketi kitini, ukinywa chai yake, bila kumchukia hata kidogo. Pia unaweza kupinga bila kumwona mtu, kwa kupiga kura tu. Kinyume chake, huwezi "confront" mtu usiyemfikia.

"Resist" ni kugoma kusogea au kukubali. Mwili hupambana na ugonjwa hivyo, na mnunuzi hujizuia hivyo asichukue andazi la pili.

"Withstand" ni kuhimili bila kuvunjika. Nyumba iliyojengwa kwa msingi wa mawe huhimili mafuriko. Neno hili lina kioja chake: ile "with" iliyo ndani yake haina maana ya "pamoja na", kama tulivyofunzwa. Katika Kiingereza cha kale "with" ilikuwa na maana ya "dhidi ya". Maana hiyo imebaki humo kama mzee aliyekataa kuhama kijiji.

"Defy" ni kukaidi waziwazi, huku anayekaidiwa akiona. Asili yake ni kuvunja uaminifu aliokula mtu kwa bwana wake. Ndiyo maana ni zito. Mtoto aliyesahau kufyeka nyasi hajakaidi. Aliyekutazama machoni akasema hafyeki, huyo amekaidi.

Na "stand up to" ni kumsimamia mtu mwenye nguvu kukushinda. Hapa mizani ni muhimu: mdogo ndiye humfanyia mkubwa. Mwalimu hawezi kum-"stand up to" mtoto wa darasa la kwanza.

Ukinirudisha leo kwenye ile meza ya 2004, ningeandika kwamba rafiki yangu alimuuliza mwalimu swali na akalirudia mara tatu. Maneno madogo ya darasa la nne. Yangemwokoa.

KWETU NAKO MNA HAZINA

Usidhani, msomaji, kwamba shida ni ya Kiingereza peke yake. Kiswahili chetu kina neno "kabili", na historia yake yastahili kusimuliwa mezani nyumbani.

Neno hili ni la asili ya Kiarabu, nalo lina ukoo mkubwa. Kibla, ule upande ambao Mwislamu huelekeza uso wake anaposali, ni wa ukoo huo. Mkabala, yaani kuelekeana, ni wa ukoo huo. Kabla, yaani kile kinachotangulia, ni wa ukoo huo. Mustakabali, yaani siku zijazo zinazotujia usoni, ni wa ukoo huo pia. Na sasa sikia la ajabu: hata "kubali" limo. Kukabili na kukubali ni matawi ya mti mmoja. Mwenye kukabili jambo amelielekezea uso, na mwenye kukubali amelipokea. Ugomvi haumo katika shina. Sisi ndio tuliouongeza.

"Pinga" nalo ni letu la Kibantu. Asili yake ni kuweka kitu kukingama njia, kama mtu anavyolaza gogo mlangoni. Ndiyo sababu tuna pingamizi na kipingamizi. Gogo halimchukii mpita njia, lakini lazima alishughulikie.

"Stahimili" ni kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, ule ule uliotupa "hamali", mchukuzi wa mizigo bandarini. Mwenye kustahimili ni hamali wa shida zake. Anaibeba, hajaishinda, wala haijamwangusha.

Kwa hivyo mwanafunzi akikutana na "withstand" na kuandika "kabili", amekosea. Aandike "himili" au "stahimili". Akikutana na "oppose", aandike "pinga". "Kabili" aliwekee "confront" na "face".

Nilimuuliza mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa huko Awasi, kuhusu Dholuo. Alicheka, akaniambia: "Nyathina, lugha ya kwenu unaijua, ila hujaisikiliza." Akanikumbusha kwamba kwa Dholuo kupigana ni "kedo", na kupinga neno la mtu ni "kwedo". Tofauti ni sauti moja, ile "w" katikati. "Ukiitema hiyo sauti kwa haraka," akasema, "umemtoa mtu kwenye baraza ukampeleka vitani."

KIAMBISHI KINACHOFICHA

Sasa nigeukie kazi yangu mwenyewe, maana nyani haoni kundule.

Sisi wa magazeti tunalipenda sana neno "kukabiliana". Polisi wakabiliana na wanafunzi. Wakazi wakabiliana na askari wa baraza la mji. Wachuuzi wakabiliana na matingatinga. Tazama kile kiambishi "-ana" kilicho mwishoni. Kazi yake katika sarufi ni kuonyesha kwamba tendo limefanywa na pande zote mbili, kila upande ukimtendea mwenzake. Wawili wakipendana, kila mmoja anapenda. Wakisalimiana, kila mmoja amesalimu.

Je, ni kweli kila mara? Mtu aliyekuwa amelala nyumbani mwake mlango ukavunjwa, amekabiliana na nani? Mama aliyekuwa akikusanya nyanya zake zilizotawanywa barabarani, amekabiliana na nani? Kwa silabi mbili tu tunawagawia lawama sawa aliyepiga na aliyepigwa, kisha tunaenda kula chakula cha mchana.

Ukisoma "walikabiliana", msomaji, jizoeze kuuliza maswali matatu. Ni nani aliyemwendea mwenzake? Alibeba nini mkononi? Na baada ya kutazamana, ni nani aliyefanya nini? Kama habari haijibu, mwandishi hajamaliza kazi yake. Siwasemi wenzangu tu. Nimo.

MPINZANI SI ADUI

Mji wa Kisumu unajua kuliko miji mingi ya Kenya jinsi mkanganyiko wa maneno haya unavyoweza kuumiza.

Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaongoza chama cha upinzani cha KPU. Katika Bunge la mtindo tuliorithi kutoka Uingereza, kupinga ni kazi rasmi. Mbunge husimama akasema kwamba anaomba kupinga hoja, na Kiswahili kiliporuhusiwa bungeni mwaka wa 1974, maneno hayo yakasikika kwa lugha yetu. Anaomba! Ni adabu iliyoje hiyo? Mtu anaomba ruhusa ya kuweka gogo njiani ili hoja itazamwe vyema kabla haijapita.

Lakini nje ya Bunge mpinzani alionekana kama adui wa taifa. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali kubwa ya Kisumu, ile ambayo watu waliizoea kwa jina la "Russia", yeye na Jaramogi walirushiana maneno makali hadharani. Ghasia zikazuka, risasi zikafyatuliwa, watu wakauawa. Siku tano baadaye KPU kikapigwa marufuku, na viongozi wake wakawekwa kizuizini.

Ilipofika Desemba 1991, sheria iliyofanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja iliondolewa. Uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992, na Jaramogi, akiwa mzee wa miaka themanini na ushei, akaketi tena bungeni, safari hii akiwa kiongozi rasmi wa upinzani. Alifariki Januari 1994. Robo karne ilikuwa imepita kabla neno "mpinzani" kurudi mahali pake palipoandikwa katika kanuni.

Nayataja haya si kwa ajili ya siasa. Nayataja kwa sababu nyumba na taifa hufanana. Katika nyumba ambayo mtoto anayeuliza huitwa mkaidi, na mke anayetofautiana huitwa mgomvi, kitenzi kimoja hubebeshwa kazi ya vitenzi vitano. Na mtoto wa nyumba hiyo akija kuwa mkubwa wa kamati, ataisoma ripoti ya mistari minne kama ilivyosomwa ya rafiki yangu.

HAKI YA KUTAZAMANA NA SHAHIDI

Kuna mahali ambapo kitenzi chetu kimepewa heshima kubwa. Katika nyongeza ya sita ya Katiba ya Marekani, iliyopitishwa mwaka wa 1791, mtu aliyeshtakiwa kwa jinai ana haki ya kuwa "confronted" na mashahidi wanaomshtaki. Hapa neno halimaanishi fujo hata chembe. Linamaanisha kwamba haitoshi kusema ubaya wa mtu kwa karatasi akiwa hayupo. Uje, usimame mbele yake, aone uso wako, akuulize.

Katiba yetu ya 2010 inasema jambo la jamii hiyo. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kuleta ushahidi wake na kuupinga ule ulioletwa dhidi yake. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi zinazoamua mambo yake, na kupewa sababu kwa maandishi anapodhuriwa na uamuzi.

Mwaka wa 2004 katiba hiyo haikuwako. Rafiki yangu hakuonyeshwa ripoti yangu. Hakuambiwa ni nani aliyeiandika. Alishtakiwa kwa "kum-confront" mtu, na yeye mwenyewe hakuwahi kukabilishwa na shahidi wake. Shahidi alikuwa mimi, nilikuwa bwenini, na nilinyamaza.

AWASI TENA

Mwaka huu nilipanda matatu Kisumu. Tulipita Nyamasaria, tukapita Rabuor, tukapita mashamba ya mpunga ya Ahero, nikashuka Awasi penye wauza miwa na mahindi ya kuchoma. Milima ya Nandi ilionekana kaskazini kama kawaida yake. Rafiki yangu ana karakana ya kuchomelea vyuma hapo. Aliurudia ule muhula, akamaliza shule, akajifunza ufundi. Ana watoto watatu.

Nilikuwa nimejizoeza hotuba njiani kote. Nilipofika nikasema tu: "Ile ripoti niliandika mimi."

Akavua miwani yake meusi ya kazi. "Omera, nilijua," akasema. "Nani mwingine darasani alikuwa na kamusi?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniendea miaka yote hiyo. Akasema alinisubiri nimwendee mimi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Nyanya yake, ambaye alifariki mwaka wa 2011, hakuwahi kuuliza kama kweli alimpiga mwalimu. Alichukulia ni kweli, kwa kuwa shule imesema. Tangu siku hiyo, kila walipokutana na mwalimu yeyote sokoni, hata mgeni, alimwamuru mjukuu wake amwamkie kwa mikono miwili na kuinama. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye mke.

"Nilimwambia mara nyingi kwamba nilikuwa nimeuliza tu," akasema. "Lakini mimi nilikuwa mtoto, na ile ilikuwa karatasi."

Akanipa kiti, akatuma chai. Tulikaa hadi jua likaanza kushuka upande wa ziwa. Alipokuwa akinisindikiza stejini akaniambia, kama unaandika gazetini, andika hili, usinitaje jina, lakini andika kwamba niliuliza.

Basi nimeandika.

Nawe, mzazi, jioni hii baada ya chakula, chukua lile jaribio la mwanzoni uwape watoto. Waambie wakutajie kwa lugha zote wanazozijua, kiwe Kiingereza, Kiswahili, Dholuo, Kikamba au Kigiriama, tofauti ya kuuliza, kupinga, kukaidi, kuhimili na kupigana. Utashangaa jinsi mdogo atakavyomshinda mkubwa. Na wewe, mwanafunzi, siku utakapoambiwa uandike kuhusu mwenzako, weka kamusi kando kwanza. Andika alichofanya kwa mikono yake, alichosema kwa mdomo wake, na mahali aliposimama. Halafu, kabla ya kuipeleka ripoti ofisini, mpe aisome.